Uzito wa Risasi

Neno risasi tulilipokea kwa Waarabu, na kwao asili yake ni jina la madini tu, yale mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi motoni. Sisi tukalitumia kwa madini hayo, tukalitumia kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na hata fundi wa redio anapounganisha nyaya zake husema anatia risasi. Waingereza wana neno la madini na neno jingine kabisa la kile kinachoua. Mswahili hakuona haja. Na kwa muda mrefu wa historia ya bunduki alikuwa na haki, kwa maana risasi ilikuwa risasi: mtu aliyeyusha madini jikoni kwake, akayasubu katika kalibu, yakapoa, akayatia bundukini.

Mimi si mwindaji. Kazi yangu ya ujana ilikuwa katika kiwanda cha uchapaji, na nitaeleza baadaye jinsi kazi hiyo ilivyonifikisha kwenye jambo hili. Kwa sasa niseme tu kwamba uzeeni nimejikuta nikifuatilia swali ambalo wengi wataliona dogo mno kuandikiwa insha: kichwa cha risasi ya kusubu kiwe na uzito gani katika bunduki kubwa ya wenzo ya Kimarekani? Kizito au chepesi? Watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 140, na katika ubishi huo yamo mambo ya bega la binadamu, maumivu ya mnyama, na majivuno ya wanaume.

Kwanza bunduki yenyewe. Waliozoea sinema za Marekani wanaijua, hata kama hawajui jina lake. Chini ya kifyatulio upo wenzo wa chuma wenye tundu la kupitisha vidole. Ukiusukuma mbele, ganda lililokwisha kutumika huruka nje. Ukiurudisha, risasi mpya huingia ndani. Risasi hukaa zimepangana ndani ya bomba lililo chini ya kasiba, moja nyuma ya nyingine, pua ya huyu ikigusa makalio ya mwenzake. Kwa sababu hiyo vichwa vyake hufanywa bapa au butu puani. Kichwa chenye ncha kali, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, chaweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele yake na kuilipua humo humo bombani.

Bunduki ya namna hii iliyofanikiwa mwanzo ni ile ya Benjamin Tyler Henry ya mwaka 1860. Ilikuwa na mwendo wa kasi wa kufyatua, lakini kichwa chake kilikuwa kidogo, greni 216 hivi. Greni ni kipimo cha zamani cha wauza dawa na wenye bunduki. Greni 7,000 hufanya ratili moja. Basi kichwa cha Henry kilikuwa kiasi cha gramu 14. Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilichagua njia nyingine: bunduki ya Springfield inayoingizwa risasi moja moja, na risasi iliyoitwa .45-70. Namba hizo ni maelezo matupu. Kasiba ina upana wa sehemu 45 za mia za inchi, na baruti ni greni 70. Kichwa kilikuwa cha greni 405, gramu 26 za risasi tupu iliyotiwa bati kidogo.

Hapo ndipo bega linapoingia. Askari wa miguu aliweza kustahimili teke la bunduki hiyo, kwani bunduki yake ilikuwa ndefu na nzito. Askari wa farasi alipewa bunduki fupi na nyepesi, na teke lile lile katika bunduki nyepesi ni teke la punda. Jeshi halikupunguza uzito wa kichwa. Lilipunguza baruti hadi greni 55, likajaza nafasi iliyobaki ndani ya ganda. Yaani wakubwa walikiri kwamba bega lina mpaka, ila hawakukubali kugusa uzito. Naona kila mara katika habari hizi kwamba uzito ndio kitu cha mwisho mtu kukubali kuachia.

Kwa bunduki hizo fupi, tarehe 25 Juni 1876, kikosi cha George Custer kilikwenda kufa kwenye vilima vya mto Little Bighorn, Montana. Walakota na Wacheyenne waliopigana naye walikuwa na silaha za kila namna, tangu pinde hadi bunduki walizonyang'anya. Mwezi Agosti 1983 moto wa nyasi uliunguza uwanja ule, na katika miaka ya 1984 na 1985 wataalamu wa mambo ya kale wakaupitia kwa vyombo vya kutambua madini. Waliokota maganda na vichwa vya risasi, wakaviweka alama mahali pake, na wakaweza kufuata nyendo za bunduki moja moja kutoka kilima hadi kilima. Miongoni mwake zilikuwemo bunduki za wenzo, Henry na Winchester za mwaka 1866, zenye vichwa vile vidogo. Sitaki kusema kwamba vichwa vyepesi ndivyo vilivyomshinda Custer. Alizidiwa watu, na alijigawa mwenyewe. Lakini pale mbali alipokuwa na faida, umbali ulikwisha. Watu walikaribiana, na kwa karibu kile kizito hakikuwa na la kumwongezea.

Jeshi lenyewe lilichota funzo tofauti. Mwaka 1879 huko Sandy Hook, New Jersey, walijaribu vichwa vya greni 500 kwa umbali wa zaidi ya yadi 3,000, karibu kilometa tatu, na wakaona kwamba hata huko vilianguka kwa nguvu ya kuzama mchangani. Miaka michache baadaye greni 500 zikawa ndizo za askari wa miguu. Mantiki yake ni sahihi kwa anayetaka kunyeshea risasi jeshi la mbali lililosimama kwa mistari. Kichwa kirefu na kizito hupoteza mwendo wake polepole angani, kama mtu mnene anayeteremka mlima.

Kosa lilikuja pale wawindaji walipoifanya hesabu ya jeshi kuwa yao. Kulungu hasimami kilometa tatu. Katika msitu wa mashariki ya Marekani anapigwa kwa hatua sitini, themanini, mia. Na kichwa kizito kinachokwenda polepole kina tabia mbili mbaya kwa mwindaji. Kwanza, hushuka sana njiani, kwa hiyo mtu akikosea kukadiria umbali kwa yadi hamsini tu, badala ya moyo atavunja mguu au kupasua tumbo, na mnyama atakwenda kufia mbali kwa siku mbili. Pili, kikiwa cha madini magumu, hupita mwilini kama msumari bila kutanuka.

Waingereza walikwisha kulifikiri hilo. Mwaka 1856 James Purdey wa London alitengeneza bunduki zenye kichwa chepesi na baruti nyingi, akaziita kwa jina la garimoshi la haraka, na neno hilo "Express" likabaki katika lugha ya wawindaji. Wamarekani wakalichukua. Mwaka 1886 Winchester walitoa bunduki ya wenzo iliyobuniwa na John Browning wa Ogden, Utah, yenye nguvu ya kutosha kubeba .45-70 ya jeshi. Lakini pamoja nayo walitoa .45-90: baruti greni 90, kichwa greni 300 tu. Mwaka uliofuata wakaongeza .50-110, nayo greni 300. Kichwa cha gramu 19 badala ya 26 au 32. Kilikwenda kwa kasi zaidi, njia yake ikawa nyoofu zaidi, na bega likapumua.

Huko Boston alikuwepo A. C. Gould, mhariri wa jarida lililoitwa The Rifle. Yeye alitaka kitu cha katikati kwa ajili ya .45-70, na matokeo yake yalikuwa kichwa cha greni 330 chenye tundu puani, ili kikimgusa mnyama kitanuke upesi na kumwua palepale. Kalibu zake zilitengenezwa na kampuni ya Ideal, aliyoianzisha John Barlow mwaka 1884 huko Connecticut na ambayo Lyman waliinunua mwaka 1925. Kalibu ya Gould imedumu kuliko watu wote hao. Kuna wanaoisubia hadi leo.

Vyepesi kuliko hivyo vilikuwepo pia, na hapa nakawia kidogo kwa sababu napenda mambo madogo. Kwa mazoezi ya ndani ya jengo, wapigaji wa .45-70 walisubu kichwa kidogo cha greni 145 hivi, kifupi kama kifungo cha kola ya shati, na kwa kifungo hicho kilipewa jina. Jeshi nalo lilitoa risasi za kuwindia ndege wa kitoweo: badala ya kichwa cha risasi palikuwa na kibweta cha mti, na ndani yake marisau. Askari aliyechoka na nyama ya chumvi alijua vizuri kwamba si kila kitu kinahitaji greni 500.

Lakini wepesi una masharti yake, na sharti kubwa limo ndani ya kasiba. Humo mna mifereji inayozunguka kama nyuzi za skrubu, nayo hukizungusha kichwa ili kisipinduke angani. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, alionyesha kwa kanuni kwamba kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa kwa haraka. Chepesi ni kifupi, basi kinahitaji mzunguko mdogo. Ndiyo maana .45-90 ilipewa mzunguko mmoja kwa kila inchi 32, na .45-70 ya kampuni hiyo hiyo mmoja kwa inchi 20. Ukikitia kichwa kifupi na laini katika kasiba ya mzunguko mkali, kisha ukakisukuma kwa baruti nyingi, hakishiki mifereji. Kinateleza juu yake kama tairi ya gari kwenye matope, kinaacha risasi imepakaa kasibani, na kinakwenda kipendako. Dawa ni kukifanya kigumu zaidi, au kukifanya kinene kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, au kupunguza haraka yake. Hivyo anayechagua kichwa chepesi hachagui uzito peke yake. Anachagua pia madini.

Na madini ndiyo yaliyoniingiza mimi.

Katika miaka ya 1970 nilikuwa kijana wa kuyeyusha madini katika kiwanda cha uchapaji. Mashine zetu zilikuwa za Linotype, zile alizobuni Ottmar Mergenthaler na ambazo zilianza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, mwaka ule ule wa bunduki ya Browning. Mpangaji alibonyeza herufi, mashine ikasubu mstari mzima wa maneno kwa madini ya moto. Gazeti likishachapwa, mistari yote ilirudishwa kwangu, nikaiyeyusha, nikaengua taka zilizoelea juu, nikamimina vipande vipya. Madini yenyewe yalikuwa risasi 84 kwa mia, bati 4, na antimoni 12, hiyo antimoni ambayo wazee wetu waliijua kama wanja wa manga. Risasi tupu ni laini, ukucha unaikwaruza. Antimoni huifanya ngumu mara nne au zaidi, na huifanya ijaze kila kona ya kalibu ili herufi itoke kali. Tulipewa maziwa kila siku, tukaambiwa yanaondoa sumu. Hayaondoi. Baadhi ya wenzangu walikuwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha na mikono isiyo na nguvu, na hakuna aliyewahi kuja kutupima damu.

Miaka mingi baadaye mwanangu alipata kazi Billings, Montana, nami nikaenda kukaa na wajukuu. Jirani yake alikuwa mzee wa umri wangu, fundi mstaafu wa reli. Siku moja alifungua banda lake na nikaona, juu ya meza, vipande vya madini ninavyovijua kama ninavyojua uso wangu. Vingine havikuwa vimeyeyushwa bado. Mistari ya maneno ilisomeka juu yake, kinyumenyume. Nilikisoma kimoja kwa sauti. Akashangaa.

"Jirani, wewe unasomaje hicho bila kioo?"

"Mzee mwenzangu, hicho nimekila kwa miaka minane."

Magazeti makubwa ya Marekani yaliachana na madini ya moto katika miaka ya 1970. New York Times walizima mashine zao za mwisho Julai 1978. Madini hayo yalipotupwa, wenye kusubu risasi wakayagombea. Jirani alikuwa amenunua yake zamani kutoka gazeti dogo la mji wa jirani lililobadili mitambo. Mengine aliyapata gereji, vile vipande vinavyobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe.

Bunduki yake ilikuwa Marlin 1895. Jina hilo lilitumika tangu 1895 hadi 1917, likafufuliwa mwaka 1972 kwa bunduki mpya ya .45-70, kampuni imepita mikononi mwa wengi, na tangu 2020 ni mali ya Ruger. Kwa miaka arobaini alikuwa akipiga vichwa vya greni 405. Kisha bega la kulia likafanyiwa upasuaji, na daktari akamwambia achague, ama bega ama bunduki. Rafiki zake wa uwanja wa shabaha walimcheka alipoanza kutafuta kalibu ya greni 300. Walimwambia hiyo ni ya wanawake na watoto.

Niliposoma habari za Theodore Roosevelt nilimpelekea jirani kama zawadi. Huyo alishuka Mombasa Aprili 1909, amekwisha kutoka urais, akaenda bara kuwinda akiwa na bunduki ya wenzo ya Winchester aliyoipenda kwa simba. Risasi yake ilikuwa .405, na kichwa chake, ingawa kilivikwa madini magumu na kusukumwa na baruti isiyo na moshi, kilikuwa na uzito wa greni 300. Jirani alicheka mpaka akakohoa. Siku iliyofuata aliipeleka habari hiyo uwanjani.

Tulifanya kazi pamoja majira yote ya kiangazi, mlango wa banda ukiwa wazi na feni ikipuliza nje. Hilo nililitia sharti tangu siku ya kwanza. Yeye alidhani madini ya gazeti, kwa kuwa ni magumu, yatafaa yenyewe bila kuchanganywa. Nami nilijua tabia yake: ni magumu lakini yanakatika. Kipande cha Linotype ukikipiga nyundo hakibonyei, kinavunjika. Kichwa cha namna hiyo kikigonga mfupa chaweza kupasuka vipande badala ya kutanuka. Tena antimoni na bati ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kalibu ile ile ikijazwa madini ya gazeti hutoa kichwa kilichopungua uzito. Alichanganya sehemu moja ya gazeti na sehemu kadhaa za magurudumu, na vichwa vikatoka vigumu kiasi cha kushika mifereji, laini kiasi cha kubonyea. Alivipiga kwa haraka ya kadiri tu. Kwa hatua mia moja matundu yake yote matano yalifunikwa na kiganja changu.

Tulijadiliana pia juu ya ndege. Tai mkubwa wa California, yule kondori, alibaki 22 duniani mwaka 1982, na risasi ya wawindaji imekuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyake: hula matumbo na mizoga iliyoachwa porini, na vipande vya madini vilivyomo humwua taratibu. California ilitunga sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 hairuhusiwi kuwindia kwa risasi yenye madini haya jimboni kote. Montana haina sheria kama hiyo kwa wawindaji wa kulungu. Nilimwambia jirani kwamba naona California wamefanya sawa. Yeye alinijibu kwamba vichwa vya shaba ni ghali, tena haviwezi kusubiwa bandani, na kusubu ndiko kulikombakishia furaha. Hatukukubaliana. Ila alikwenda kupimwa damu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa kuwa kipimo kilitoka juu kidogo alinunua glovu na akaacha kulia chakula chake bandani.

Mwezi wa Novemba alipiga kulungu mmoja, hatua sabini hivi, kwa greni 300. Kichwa kilipita mbavu zote mbili na mnyama akaenda kama urefu wa uwanja wa netiboli. Jirani alikata akatupa nyama yote iliyozunguka tundu, akayazika matumbo kwa kina, jambo lililomchukua karibu saa nzima kwa lile bega lake. Paja moja alituletea, na mkwe wangu akalipika kwa tui la kopo.